Goti Lililochakaa: Nani Aamue, Mgonjwa au Daktari wa Upasuaji?

Katika Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, ni kazi chache mno zifanyikazo bila ya magoti. Mvuvi wa dagaa hushuka mtumbwini akasimama majini. Mkulima wa mihogo huinama na kuinuka kutwa nzima. Mama anayetengeneza mawese huchuchumaa mbele ya moto, kisha husimama na debe kichwani. Goti likishindwa, riziki ya nyumba nzima huyumba. Makala haya yanaeleza jinsi maungio yanavyochakaa, tiba zilizopo, na sababu za kumtaka mgonjwa na daktari wake waamue kwa pamoja.

Ungio huchakaaje?

Ncha za mifupa inayokutana gotini au nyongani zimevikwa gegedu, yaani tishu nyororo yenye utelezi. Ungio zima limo ndani ya mfuko wenye ute unaolainisha mwendo, mfano wa mafuta katika ekseli ya baiskeli. Lakini gegedu halina mishipa ya damu. Kwa hiyo likijeruhiwa hujiponya kwa shida sana.

Katika ugonjwa ambao madaktari huuita osteoathritisi, gegedu hulika kidogo kidogo, mfupa ulio chini yake huwa mgumu, vijipembe vya mfupa huota kandoni, na utando wa ungio huvimba. Maumivu huzidi mtu anapotembea na hupungua anapopumzika. Asubuhi ungio hukakamaa, aghalabu kwa muda usiozidi nusu saa. Umri mkubwa, unene, majeraha ya zamani na kazi za kubeba mizigo na kuchuchumaa huongeza hatari, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 528 hivi walikuwa na ugonjwa huu, na milioni 365 waliugua magoti.

Wengi wetu huyaita maumivu yote ya maungio kwa jina moja la baridi yabisi. Hapo pana hatari. Yako maradhi ambayo kinga ya mwili yenyewe hushambulia maungio, nayo yana dawa zake mbali. Aidha, kijana mwenye selimundu aweza kuharibikiwa na kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu. Hapana budi ugonjwa utambuliwe kwanza, ndipo tiba ijadiliwe.

Tiba kabla ya kisu

1. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Misuli yenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

2. Kupunguza uzito. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

3. Fimbo, ishikwe kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma.

4. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Hizi husaidia, lakini zikimezwa kwa muda mrefu zaweza kudhuru tumbo na figo.

5. Sindano ya ungioni. Nafuu yake aghalabu ni ya majuma machache.

Si kila upasuaji unaofaa, hata ukisifiwa. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza jaribio la wagonjwa 180. Baadhi yao walisafishwa goti kwa kifaa chenye kamera ndogo; wengine walichanjwa ngozi tu, wasijue. Walipofuatiliwa kwa miaka miwili, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuwashinda wenzao.

Ungio la bandia

Ugonjwa ukiwa mkali, na tiba nyingine zisipotosha, huja shauri la kuweka ungio la bandia. Mwaka 1962 John Charnley, daktari wa Uingereza, alianza kutumia nyonga yenye kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Njia hiyo ndiyo msingi wa nyonga nyingi za bandia za leo, na magoti yakafuata.

Faida yake ni kubwa. Majumuisho yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba magoti ya bandia 82 kati ya 100, na nyonga 58 kati ya 100, hudumu miaka 25. Lakini takwimu hizo zilitoka kwenye madaftari ya nchi tajiri kama Australia na Finland, wala si kwa mkulima wa mihogo. Tena kiasi cha mtu mmoja kati ya watano waliowekewa goti huendelea kuwa na maumivu, na mmoja au wawili kati ya 100 hupata maambukizo ndani ya ungio. Wengi pia huona shida kupiga magoti, na goti la bandia mara nyingi halikunjiki kiasi cha kuchuchumaa kabisa.

Mambo ambayo picha haionyeshi

Picha ya eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi maisha. Mara nyingi picha na maumivu havilingani: mwenye picha mbaya hutembea, na mwenye picha ya wastani hakosi kukesha kwa maumivu. Daktari anajua tiba na hatari zake. Mgonjwa anajua maumivu yake, kazi yake na nyumba yake. Elimu hizi mbili ni lazima zikutane.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 63 kutoka Ilagala ameketi mbele ya daktari.

"Mama, gegedu la goti hili limekwisha. Twaweza kuendelea na mazoezi, fimbo na dawa, au kukuwekea goti la bandia. Kabla sijasema zaidi, niambie: ni jambo gani linalokusumbua kuliko yote?"

"Mwanangu, silali usiku. Lakini nataka kujua: nikiwekewa hilo goti, nitachuchumaa nikamue mawese? Choo chetu ni cha shimo. Na sala yangu je?"

"Maumivu ya usiku yana matumaini mema ya kupungua. Kuchuchumaa huenda usiweze tena. Utahitaji kiti cha choo, na huenda ukasali umekaa."

"Na nikirudi nyumbani, kidonda kikiharibika?"

"Hilo ni swali kubwa, mama. Tupange sasa nani atakutazama, na utafikaje hospitali."

Swali la mwisho si dogo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, iko Dar es Salaam. Kutoka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Gharama za safari, za msindikizaji na za miezi bila kazi ni sehemu ya tiba. Anayefikiria kuuza shamba la michikichi ana haki ya kujua mapema anachonunua.

Hatua tatu za mashauriano

Mwaka 2012 Glyn Elwyn na wenzake walieleza hatua tatu. Kwanza, daktari aseme wazi kuwa pana uchaguzi. Pili, aeleze kila njia, pamoja na ile ya kungoja, kwa hesabu nyepesi: "kati ya watu 100 kama wewe..." Tatu, wapime pamoja lipi lina uzito kwa mgonjwa, ndipo waamue. Ugonjwa huu aghalabu hauhitaji haraka. Mgonjwa aweza kurudi nyumbani akashauriane na jamaa, maadamu neno la mwisho libaki lake.

Mwaka huo huo, katika jimbo la Washington, Marekani, yalitangazwa matokeo ya kuwapa wagonjwa maelezo ya namna hiyo. Katika miezi sita upasuaji wa nyonga ulipungua kwa asilimia 26, na wa magoti kwa asilimia 38. Tusikosee kudhani kuwa shabaha ni kupunguza upasuaji. Pale ambapo wengi hawajui kuwa tiba ipo, maelezo yale yale yaweza kumfikisha mgonjwa hospitali kabla misuli haijanyauka. Shabaha ni kwamba anayepasuliwa awe ametaka kwa kujua, na asiyepasuliwa vilevile.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini gegedu lililojeruhiwa haliponi upesi?
2. Jaribio la mwaka 2002 linatufundisha nini juu ya tiba inayosifiwa?
3. Mgonjwa wa kijijini kwako aulize maswali gani matatu kabla ya kukubali goti la bandia?
4. Taja jambo moja ambalo daktari hawezi kulijua mgonjwa asipolisema.