Darasa: Kazi na Haki ya Watu wa Nyumbani

Ndugu zetu, hapana khitilafu kuwa kutafuta rizki ya halali ni wajibu wa mwenye watoto. Lakini wengi wetu hudhani kwamba mtu akisha kuleta masurufu amekwisha tekeleza haki zote za nyumba yake. Sivyo. Mtoto ana haki ya chakula, na ana haki ya mzazi wa kumlea. Na hii ya pili hainunuliwi dukani.

Natutazame hali ya vijana wetu wa pwani wafanyao kazi Nairobi. Wako waliopanga nyumba Nkoroi, katika Kaunti ya Kajiado, kando ya Barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian. Tukadirie mmoja wao hutumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kwa siku sita hizo ni saa 24: mchana mzima na usiku wake, kila juma, ndani ya matatu. Atoka watoto wamelala, arudi wamelala.

Basi mwenye kutafuta kazi asiulize mshahara peke yake. Na atazame mambo matatu.

La kwanza, saa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na saa za kazi zitajwe ndani yake.

La pili, mapumziko. Sheria hiyo yampa mfanyakazi siku moja katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Mama aliyezaa miezi mitatu, na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Hiyo si hisani ya tajiri, bali ni haki.

La tatu, njia. Mathalan, mwenye shilingi 40,000 akitoa nauli ya 200 kwa siku 26, hubakiwa na 34,800. Akifanya kazi saa 9 na njiani saa 4, kila saa yake ni shilingi 103 hivi. Jirani yake mwenye 30,000, aendaye kwa miguu nusu saa, hupata 115.

Wala hatusemi mtu aache kazi kabla ya kupata nyingine. Lakini aliyelazimika na njia ndefu, siku yake ya mapumziko asiimalize barazani. Hiyo ni amana ya watoto wake.