Kabla Hujagusa Leza, Nunua Kalipa

Kila msimu wa udahili ukikaribia, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu wa mtaani, na wazazi wao, wanataka kujua ile kozi ya kuchonga na kuchapa vitu kwa kompyuta inasomewa wapi, na ukishasoma unakula wapi. Kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hapa Dar es Salaam, kwa hiyo naandika mara moja ili nikipigiwa tena nitume kiungo.

Ukipekua mwongozo wa udahili kutafuta "uundaji wa kidijitali" huenda usiuone. Wengi wetu tumeufikia kwa mlango mwingine: uhandisi mitambo, mekatroniki, usanifu majengo, usanifu wa ndani. Mimi niliingia na stashahada ya uhandisi mitambo. Hakikisha programu unayoomba inatambuliwa na NACTVET au TCU, halafu nenda chuoni mwenyewe kabla hujajaza fomu. Picha za mashine kwenye tovuti zisikutie wazimu. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, msalimie vizuri, umuulize ufunguo wa karakana anao nani, na akiutaka saa kumi jioni anaupata au haupati. Sehemu moja niliyopita wakati wa fildi, printa ya 3D ilikuwa imefunikwa kitambaa kama kochi la wageni. Ilifunuliwa siku ya mgeni rasmi. Bora chuo chenye mashine mbili kuukuu zinazochafuka kila siku.

Usione haya pia kujifunza nje ya darasa. Fani hii ilikulia nje ya darasa. Ni kweli kwamba mwaka 1998 Neil Gershenfeld alianzisha katika chuo cha MIT somo la kutengeneza karibu kila kitu, na karakana za Fab Lab zikazaliwa kutokana na kazi hiyo. Lakini printa iliyoingia vyumbani mwetu inadaiwa zaidi na mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005, ambao michoro yake ilitolewa bure. Hataza kuu ya teknolojia ya kuyeyusha plastiki na kuipanga tabaka kwa tabaka ilipoisha mwaka 2009, bei zikaporomoka. Ndiyo maana leo hata mwanafunzi wa hosteli anaweza kuchangishana na wenzake wakanunua yao.

Sasa kalipa. Kabla ya laptopu mpya nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, hata ya bei ndogo. Muuza mbao atakuambia plaiwudi hii ni ya milimita 18, nawe ukiipima utakuta 17 na ushee. Ile nyembamba inayoitwa ya 3 nimewahi kuikuta 2.8, na upande wa pili wa karatasi ileile 2.7. Ukichora viungo kwa kipimo cha dukani, kabati lako litacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita. Kompyuta haitakuonya: kwenye skrini kila kiungo hukaa sawasawa.

Leza nayo ina ulaji wake. Mwali unapopita unaunguza njia yenye upana, mara nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.3, kutegemea lenzi, nguvu na unene wa kitu. Kwa hiyo tundu hutoka pana kuliko ulivyolichora, na kipande hutoka chembamba. Fanya hivi: chukua kipande chakavu cha plaiwudi ileile utakayoitumia, ukate kitana chenye nafasi za milimita 2.4, 2.5, 2.6, hivyohivyo hadi 2.9. Andika namba chini ya kila nafasi kwa leza yenyewe. Kisha chomeka kipande kingine cha plaiwudi hiyo, nafasi moja baada ya nyingine. Penye 2.4 utasukuma hadi kidole kiume. Penye 2.9 kitaanguka chenyewe. Katikati ipo nafasi moja ambayo kipande kinaingia kwa kusukumwa na dole gumba, kikilia kidogo, na ukikigeuza juu chini hakitoki. Namba hiyo ndiyo ya kuchorea. Ukinunua karatasi nyingine, kata kitana kingine. Wenzangu waliona ninapoteza muda wa mashine; lakini kitana kinamalizika kabla chai haijapoa, na karatasi nzima ya futi 4 kwa 8 ikiharibika hakuna wa kukurudishia hela.

Kuna jambo la leza ambalo halina mjadala: reksini haiingii. Mafundi wa sofa watakuletea wakikuomba uikatie maua, na wataongeza dau. Reksini nyingi ina PVC, na PVC ikiunguzwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu yako na kula vyuma vya mashine kwa kutu. Pespeksi sawa, mbao sawa, karatasi sawa, feni ya kutolea moshi ikiwa imewashwa. Mteja asiyejua kitu chake kimetengenezwa kwa malighafi gani, mrudishie. Na usiiache leza inakata ukaenda kupiga stori nje. Moto huanza na kaulimi kadogo tu.

Kwenye printa ya 3D, wengi wanasumbuka na urembo wakati tatizo ni mwelekeo. Chora kulabu ya kutundikia begi. Ichape ikiwa imesimama, na tabaka zitakaa moja juu ya nyingine kukatisha shingo ya kulabu. Tundika begi lenye vitabu na itakatika palepale kwenye mstari. Ilaze ubavu, nyuzi za plastiki zikazunguka pamoja na umbo lake, itabeba. Mchoro ni uleule, plastiki ni ileile. Mtihani wetu mmoja ulikuwa swali hilo tu, na watu waliandika kurasa mbili za nadharia.

PLA ndiyo plastiki rahisi ya kuanzia, lakini huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Kishikio cha simu ulichokichapa kwa PLA ukikiacha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hapa mjini, jioni utakikuta kimeinama. Tumia PETG kwa vitu vya namna hiyo. Na roli zako za plastiki zihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya pwani huilowesha plastiki, ikaanza kutoa vipovu na nyuzinyuzi.

Kuhusu programu za kuchorea kwenye kompyuta sitasema mengi. FreeCAD na Inkscape ni za bure na zinatosha. Laptopu yenye RAM ya GB 8 itakufikisha, ya 16 itakupunguzia hasira.

Nenda Keko, hapahapa Dar. Ukae na maseremala, hata kama mhadhiri hakukutuma. Niliwahi kumweleza fundi mmoja kwamba kisu cha mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, ni cha mviringo, kwa hiyo hakiachi pembe kali upande wa ndani, na sisi huchora vijitundu kwenye pembe ili kiungo kiingie. Akaniangalia. "Sasa mwanangu, si uchukue patasi?" Kwa meza moja yuko sahihi kabisa. Kwa meza za shule nzima, vijitundu vinashinda. Ujuzi wa kutofautisha hali hizo mbili niliupata kwake.

Ama ulaji, tusifichane: mwanzoni ni kadi za harusi, ngao za tuzo, mabango na modeli za wasanifu majengo. Vipuri na vifaa maalumu huja baadaye, jina likishatembea. Usitoze kwa ukubwa wa mbao, maana mteja ataenda kuulizia bei ya mbao. Tenganisha kwenye ankara: kuchora, kipande cha majaribio, muda wa mashine, malighafi. Chukua nusu kabla ya kuchora. Marekebisho ya kwanza bure, ya pili yanalipiwa, na hilo liandikwe kabla hujawasha chochote.