Somo la Saba: Safari ya Siku Moja ya Kupiga Picha Milimani

Lengo la somo: Kumwezesha mlaji kutambua anachokinunua anapolipia safari ya picha, kukiweka katika maandishi kabla ya kulipa, na kudai haki yake pale ahadi isipotimizwa.

Bidhaa nyingi tulizozijadili katika masomo yaliyotangulia zaweza kukaguliwa kabla ya kulipiwa. Mnunuzi huigonga ndoo asikie kama ina ufa, huisoma tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ya unga, huiwasha redio palepale dukani. Safari haikaguliki hivyo. Mlaji hulipa leo kwa ajili ya siku ambayo bado haijafika, na siku hiyo ikishapita hairudishwi wala haibadilishwi. Kwa hiyo kinga yake kubwa ni maneno yaliyoandikwa kabla fedha hazijatoka mfukoni. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tutatumia mfano wa Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Barabara ya kupandia huanzia Mombo, kwenye njia kuu iendayo Moshi na Arusha. Hupanda kwa kona nyingi, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, hata ikafika Lushoto, mwendo wa kilomita 33 hivi. Kutoka Lushoto wageni hupelekwa Irente, ambako mlima hukatika ghafla na nyika ikaonekana chini. Hupelekwa katika msitu wa hifadhi wa Magamba. Na wenye muda zaidi hufika vijiji vya mbali kama Mtae, ukingoni mwa safu hiyo.

1. Kinachonunuliwa ni saa za mwanga

Lushoto haipo mbali na ikweta. Jua huchomoza na kutua karibu na saa 12 na nusu, asubuhi na jioni, kwa mwaka mzima, tena hupanda upesi. Ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu, unaoyachora matuta ya mashamba na mikunjo ya mabonde, haudumu hata saa nzima. Adhuhuri jua huwa utosini, vivuli hutoweka, na nyika ionekanayo kutoka Irente mara nyingi hufunikwa na utusitusi wa vumbi na joto.

Kwa hiyo safari mbili zenye jina moja, gari la aina moja na vituo vilevile zaweza kuwa bidhaa mbili tofauti kabisa. Ile inayoanzia Lushoto saa 11 na nusu alfajiri humfikisha mteja mahali pa kupigia picha jua linapochomoza. Ile inayoondoka Moshi alfajiri hiyohiyo huutumia mwanga ulio bora barabarani, na huingia milimani jua likiwa limekwisha kupanda. Hii ya pili si ulaghai, ikiwa muuzaji ameieleza wazi. Huwa upotoshaji pale tangazo linapoonyesha picha za alfajiri ilhali ratiba haiwezi kumfikisha mteja huko alfajiri.

Tunamshauri mlaji aulize maswali matatu: Tutaondoka saa ngapi, na kutoka wapi? Tutakuwa mahali gani jua likichomoza na likitua? Tutakaa kila kituo kwa muda gani?

2. Yanayoweza kuahidiwa na yasiyoweza

Muuzaji mwaminifu hawezi kuahidi anga safi. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na ukungu waweza kuyafunika mabonde hata katika miezi mingine. Anayesema kwamba utaona nyika yote bila shaka yoyote anauza asichokimiliki.

Hata hivyo, yapo mengi anayoweza kuyaahidi: saa ya kuondoka, idadi ya abiria, hali ya gari na bima yake, ujuzi wa mwongozaji, na njia mbadala hali ya hewa ikibadilika. Njia mbadala si fidia ya kumtuliza mteja tu. Ukungu unaoificha nyika huko Irente ndio huohuo unaoipendezesha picha ya miti mirefu ya Magamba. Mwongozaji anayeijua kazi yake atakuwa na mpango huo tayari, na mlaji ana haki ya kuujua kabla ya kulipa.

Tunasisitiza jambo moja la usalama. Muda ukipotea, usimshinikize dereva aukomboe kwa mwendo kasi katika kona za milimani. Mwanga uliopotea hudaiwa kwa maandishi baadaye, uhai haudaiwi.

3. Leseni, bei na risiti

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inawataka wanaofanya biashara ya utalii, waongoza watalii wakiwemo, wawe na leseni. Kuomba kuiona leseni si dharau; ni desturi ya mnunuzi makini. Kisha ulizia bei imebeba nini: usafiri, chakula, malipo ya mwongozaji, viingilio vya hifadhi na vya maeneo ya kutazamia mandhari. Bei ndogo isiyo na viingilio yaweza kuishia kuwa kubwa kuliko ile iliyoonekana kubwa mwanzoni. Ukiambiwa kuna mchango wa kijiji, uliza unapokewa na nani na risiti hutolewa wapi.

Malipo ya awali yasitolewe kabla ya kuandikwa lini yanarudishwa na lini hayarudishwi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi uhifadhiwe.

4. Mfano wa kujifunzia

Wateja wawili wamelipa shilingi 150,000 kila mmoja kwa safari ya kutoka Lushoto iliyotangazwa kuwa na machweo ya Irente. Gari, lililoahidiwa saa 11 na nusu alfajiri, limefika saa 2 asubuhi. Irente wamefikishwa saa 8 mchana, na saa 10 wamerudishwa mjini. Muuzaji anajitetea kwamba vituo vyote vilitembelewa.

Mteja wa kwanza ana ujumbe unaotaja saa ya kuondoka na machweo ya Irente, tena alilipiga picha tangazo. Dai lake ni jepesi kueleweka: alilipia saa mbili za mwanga, ya asubuhi na ya jioni, na hakupewa hata moja. Mteja wa pili ana kumbukumbu tu. Kisheria hajapoteza haki yake, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji. Lakini amejitwisha mzigo mzito wa kuthibitisha.

5. Mtu aliye ndani ya picha

Kuna mhusika mmoja ambaye hakuwepo wakati wa mapatano: mwanakijiji. Mkulima anayepalilia kabichi zake kwenye mteremko hakuuza sura yake pamoja na tiketi yako. Tangazo likiahidi picha za wenyeji, muulize muuzaji ridhaa yao inaombwaje. Salimia kwanza, jitambulishe, omba, na ukikataliwa shusha kamera bila kinyongo. Kwa mtoto, ridhaa iombwe kwa mzazi au mlezi. Ukiahidi kutuma nakala ya picha, itume. Ahadi hiyo nayo ni deni. Kumbuka pia kwamba ndege nyuki hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mlaji anayedai kutendewa haki na muuzaji, kisha akamnyima haki hiyohiyo mtu aliye mbele ya lenzi yake, hajalielewa somo hili.

6. Ahadi isipotimizwa

Andika siku hiyohiyo kilichotokea na saa zake. Mpelekee muuzaji dai lako kwa maandishi, ukitaja ahadi, kilichotolewa, na unachokitaka: sehemu ya fedha, au safari nyingine. Mpe muda wa kujibu. Asipojibu, au jibu lisiporidhisha, wasilisha lalamiko kwetu pamoja na risiti, ujumbe na tangazo. Dai lako liwe na kiasi: siku yenye ukungu iliyoendeshwa kama ilivyoandikwa si kosa la mtu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini safari mbili zenye vituo vilevile zaweza kuwa na thamani tofauti?
2. Taja mambo mawili ambayo muuzaji anaweza kuyaahidi, na moja asiloweza.
3. Katika mfano tuliotoa, mteja wa pili angefanya nini kabla ya kulipa?
4. Mwongozaji amekuambia, "Piga tu, hawa wamezoea." Utafanya nini?