Ndoano Inarudi Uchi

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamia Kyerwa mwaka huu nikitokea Kondoa. Jirani amenionyesha ziwa dogo lenye mafunjo, si mbali na tunapokaa, na tangu hapo moyo umeingia kwenye uvuvi. Nilinunua mshipi mnene na ndoano kubwa nzuri mjini Bukoba. Nachimba nyungunyungu, nafika majini kabla jua halijachomoza, na jioni nikimaliza kusahihisha madaftari narudi tena mpaka giza linaingia. Miezi miwili sasa sijala samaki wa mkono wangu. Samaki nawaona! Wanaruka, na wengine wamechimba visahani mchangani pale ukingoni. Boya linacheza, navuta, ndoano inarudi uchi. Watoto ninaowafundisha wanakuja na fito zao na kuondoka na mtungo. Mama watoto ameanza kuniuliza kama kweli huko ninakokwenda ni kuvua. Je, ninunue fimbo ya kisasa yenye gurudumu la kukunjia uzi? Nimeiona dukani kwa laki na nusu.*

*Mwalimu Mgeni, Kyerwa*

Mwalimu, mama watoto mwambie atulie. Mtu anayekwenda kwingine hushika njia na uwongo uliopangwa vizuri kuliko huo wa boya linalocheza.

Ndoano inayorudi uchi ni habari njema. Maana yake samaki wapo, wana njaa, na chambo chako wanakipenda. Kinachowashinda ni ndoano. Zile kubwa zinazouzwa Bukoba zinaletwa kwa ajili ya wavuvi wa Ziwa Victoria wanaotega sangara, samaki anayemeza samaki mzima bila kutafuna. Wewe umeitilia ndoano hiyo nyungunyungu mmoja na kuipeleka kwa samaki mwenye mdomo usiopita ncha ya kidole. Anamng'ata mkiani, anamvuta kidogo kidogo, anammaliza, na chuma hakijamgusa. Wanafunzi wako wanajua hilo, ndiyo maana ndoano zao ni ndogo kiasi cha kupotea mfukoni. Ukienda dukani kumbuka kwamba namba za ndoano zinakwenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Chukua 10 na 12 chache, 8 mbili tatu, na ile kubwa uliyo nayo itunze, nitakuambia ya nini.

Lakini ndoano ni nusu ya tatizo lako. Nusu nyingine ni kwamba umekwenda kuvua “samaki”. Hakuna anayevua samaki kwa jumla. Mtu anavua furu, au sato, au kambale, na kila mmoja ana chakula chake, saa yake na kina chake. Ukishaamua unamtaka nani, mambo mengine yote yanajipanga. Wewe unakwenda na chambo cha furu, ndoano ya sangara, saa za kambale, halafu unakaa mbele ya viota vya sato.

Tuanze na hao wa visahani, maana ndio waliokuibia muda mwingi zaidi. Kile kisahani amekichimba sato dume. Jike hufika, hutaga mayai pale, kisha huyakusanya mdomoni na kuondoka nayo. Huyatunza humo mpaka vifaranga waweze kujitegemea, na muda wote huo hali, au anakula kidogo sana. Dume naye anayelinda kiota hana habari na mlo wako. Nyungunyungu akitua pale, atamng'ata amtoe nje kama anavyotoa jani lililoangukia uwanjani kwake. Boya litacheza, wewe utavuta, na yeye atakuwa amekwisha kumtema. Waache hao. Hata ungewanasa, ungekuwa umekula na vifaranga wa mwakani.

Na si kila jamaa wa sato anayekula nyungunyungu. Kuna ngege, yule wa asili wa bonde hili, aliyepungua sana Ziwa Victoria baada ya sangara na sato wa kigeni kuletwa, lakini katika maziwa madogo ya Kagera kama Burigi bado anapatikana. Chakula chake ni mimea midogo sana inayoelea majini, anaichuja kwa matamvua. Unaweza kumtingishia chambo mbele ya macho mpaka likizo ya Desemba. Huyo ni samaki wa nyavu, achana naye.

Sato wa kawaida naye ni mla majani na ukungu wa kijani unaoota kwenye mawe na mashina, ila hakatai vya bure: donge la ugali uliokandwa mgumu, unga wa ngano uliosongwa na ndizi mbivu, mdudu aliyeanguka majini. Donge liwe dogo kama punje ya mahindi, lifiche ncha yote ya ndoano. Kabla ya kutupa, mwaga kiganja kimoja cha pumba za mahindi zilizochanganywa na udongo wa pale pale, au machicha ya rubisi ukiwa na jirani mpikaji. Kiganja kimoja tu. Ukimwaga debe unawashibisha, halafu unakaa kuwatazama wakipumzika.

Sasa saa. Watafiti waliomchunguza sato wa Ziwa George, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta kwamba huanza kula kukipambazuka, tindikali ya tumbo lake hupanda kadiri mchana unavyosonga, na usiku tumbo hubaki tupu. Ni mtu wa mchana. Ongeza na baridi yetu. Huku tuko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai unazijua wewe unayetoka nazo. Maji ya ukingoni yanakuwa yamepoa, na samaki huyu hasogei kwenye kina kifupi mpaka jua liyapashe. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, kisha saa tisa hadi kumi na moja jioni, ndiyo nafasi yako. Najua saa tatu uko darasani. Jumamosi ndiyo yako, na ukitaka usingizi wa alfajiri nakurudishia.

Hata hivyo, ningekuwa wewe nisingeanza na sato. Ningeanza na furu. Watu wazima wanamdharau kwa udogo, lakini ndiye anayefundisha mkono. Anakaa karibu na mafunjo na mawe, anakula nyungunyungu mchana kutwa, na ana haraka. Kata nyungunyungu kipande cha urefu wa ukucha, usimtundike mzima akining'inia. Uzi uwe mwembamba, huo mnene wako unaonekana hata na mimi nisiye na miwani. Boya likatwe kutoka ndala iliyochakaa, dogo kiasi kwamba risasi moja ya uzito mwepesi inaliacha limechungulia tu juu ya maji. Boya kubwa ni mzigo: samaki akivuta anahisi kitu kinamrudisha nyuma, anatema. Anza na kina cha nusu mita, ukikaa bila kuguswa ongeza kwa shubiri moja moja. Na usivute kwa kila mtikisiko. Subiri boya liende upande au lizame, kisha inua kiwiko tu. Ukirusha mkono wote, furu atakupita juu ya kichwa na kwenda migombani. Jiangalie pia unavyosimama. Jua likiwa mgongoni, kivuli chako kinafika majini kabla yako.

Mvua zikianza na kumbikumbi wakatoka, tumia kumbikumbi, watu na samaki wanakubaliana juu yake. Panzi pia ni wazuri. Ila senene usiwatie ndoanoni mbele ya mtu. Umeingia Kagera juzi tu, na sijui Mnyambo wala Mhaya atakayekutetea.

Ndoano yako kubwa sasa. Hiyo ni ya kambale, na hapa ndipo jioni zako zingekuwa na faida. Kambale anatafuta chakula gizani na kwenye maji machafu kwa kutumia ndevu zake, anaonja na kunusa chini kabisa. Maji mekundu baada ya mvua, ambayo sato anayakimbia, kwake ni karamu. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika kuanzia Machi, zikijaza mabwawa na kufurika kwenye nyasi, anaingia huko kutaga na kula. Boya ondoa. Weka risasi ya kutosha chambo kikae sakafuni: utumbo wa kuku, ini, au nyungunyungu watano kwa pamoja. Wapo wanaoapa kwa kipande cha sabuni ya mche, na si uzushi. Legeza uzi kidogo, umwache aondoke nao kabla ya kukaza. Ukimtoa, angalia miiba miwili ya mapezi ya kifuani. Mshike nyuma ya miiba hiyo, kidole gumba na cha shahada vikiwa vimekaba kichwa, la sivyo kesho chaki utaishika kwa mkono wa kushoto. Gogogo ana miiba mibaya zaidi. Na ukimvuta kamongo, yule mrefu kama nyoka anayepanda juu kuvuta pumzi, kata uzi umwachie ndoano mpaka afe. Meno yake hayana mzaha.

Nimekuambia jioni, lakini sikusema ziwani. Kambale mtafute kwenye lambo la mifugo au bwawa la mtu, kwa ruhusa ya mwenyewe, ukimlipa kwa kilo kama ni bwawa la kufugia. Kwenye mafunjo ya ziwa na kando ya Mto Kagera, saa kumi na mbili jioni ni saa ya kiboko kutoka kwenda malishoni, na kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji hakuulizi unafundisha somo gani. Mamba wa Kagera nao hawahesabu mvuvi wala mchota maji. Kwa hiyo ziwani ondoka jua likiwa bado juu, simama mahali ambapo wenyeji wanasimama, na usiingie majini hata kwa kufuata ndoano iliyokwama. Penye maji yaliyotuama na konokono pana kichocho, kwa hiyo viatu vya mpira si vya matope peke yake.

Jirani aliyekuonyesha ziwa mwulize mpaka wa hifadhi uko wapi. Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato zilipandishwa kutoka mapori ya akiba kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, na “sisi huvua hapa tangu zamani” haitakusaidia mbele ya askari wa TANAPA. Nje ya hifadhi, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka leseni. Pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri umwulize mtu wa ndoano moja anatakiwa awe na nini. Mtoni kumbuka kwamba ng'ambo ni nchi nyingine: Rwanda ukiwa upande wa magharibi, Uganda ukiwa Murongo. Na ukimpata ningu mwenye tumbo la mayai msimu wa mvua, mrudishe. Samaki huyu alikuwa akipanda Kagera kwa makundi kwenda kutaga, mpaka katikati ya karne iliyopita nyavu zikamsubiri midomoni mwa mito akiwa bado na mayai yake. Hajarudi kuwa vile tena.

Fimbo ya laki na nusu usinunue. Gurudumu ni la kumfuata samaki aliye mbali, na wako wanakaa kwenye mafunjo, hatua tatu kutoka miguuni pako. Kata mwanzi mkavu wa mita tatu, funga uzi wa urefu ule ule, na elfu chache zitatosha ndoano ndogo, risasi na uzi mwembamba. Siku kambale atakapokuvunjia huo mwanzi, niandikie tena tuzungumze habari za gurudumu.