DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Fidia Si Badala ya Funga



Kila Ramadhani swali hili haliachi kuulizwa: "Ustadhi, mimi Allah kanijaalia uwezo. Siwezi kulisha maskini badala ya kufunga?"

Jibu tunalijua. Katika Suratul Baqara aya ya 184 imewekwa fidia ya kulisha maskini, kwa yule ambaye funga ni mzigo asioweza kuubeba: mzee aliyechoka, mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Msafiri na mgonjwa wa kupona, hao watazilipa siku zao baadaye. Ama mwenye afya aliyeko nyumbani kwake, hata akitoa lori zima la mchele, funga bado iko shingoni mwake.

Leo tuichukue kanuni hiyo tuingie nayo jikoni.

*Fidia ya hewa ukaa*

Tukichoma mkaa, petroli au gesi, hutoka hewa ukaa. Inapanda angani, inakaa miaka mingi, na inazuia joto la dunia lisitoke. Wataalamu wanatuambia: punguza unachochoma, na usichoweza kukipunguza kifidie kwa kupanda miti au kulinda misitu, maana mti huivuta hewa hiyo.

Fidia hii ina kheri ndani yake. Kule Katavi, Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinalinda misitu yao na vinalipwa kupitia biashara ya hewa ukaa, na fedha hizo zimesaidia shule na zahanati. Hilo ni jema. Tatizo ni pale mwenye uwezo wa kupunguza anapoiruka funga na kukimbilia fidia. Anapanda mche mmoja, anapiga picha, kisha anaendelea kama zamani.

*Hesabu ya gunia moja*

Jiji letu limepikiwa na mkaa miaka na miaka. Gunia linaloshushwa Mbagala au Tegeta limetoka Pwani, Morogoro, au Tanga. Kwa tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa inakula kilo kadhaa za kuni, na sehemu kubwa inapotea kwa moshi huko huko porini. Gunia hilo nyumbani linaisha kwa wiki chache. Mti uliokatwa ulichukua miaka mingi kukua. Sasa mche uliopandwa Jumamosi utalilipa lini gunia la mwezi huu?

Na hapa pana haki za watu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita katikati ya jiji mpaka Jangwani na baharini. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wasiopungua 40 hapa Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sababu za mafuriko ni nyingi: ujenzi wa mabondeni, taka kwenye mitaro, mvua kubwa. Lakini kilima kisicho na miti hakishiki maji, na dunia inayozidi joto inazidisha mvua za ghafla. Suratur Rum aya ya 41 imekwisha tuambia kuwa uharibifu wa bara na bahari unatokana na mikono ya watu.

*Nani ana udhuru?*

Tuseme ukweli. Mama anayeuza vitumbua pale Yombo, ananunua mkaa wa kopo kwa sababu mtungi wa gesi hana pesa ya kuujaza kwa mkupuo. Huyo tusimnyooshee kidole. Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake.

Tuzungumze na mwenye uwezo. Gesi anayo, lakini ni ya chai tu. Futari ina vyakula sita, na nusu yake inaishia jalalani. Chakula hicho kikioza kule dampo la Pugu Kinyamwezi kinatoa gesi inayopasha joto dunia kuliko hewa ukaa yenyewe. Suratul A'raf aya ya 31 imeturuhusu kula na kunywa, ikatukataza israfu. Tunashinda na njaa mchana, halafu tunafanya israfu Magharibi?

*Funga kwanza:*

1. Loweka maharage, kunde na choroko tangu usiku, na sufuria ifunikwe. Moto unaokwenda ni mdogo zaidi.

2. Pika kwa idadi ya walaji. Kikizidi, kipelekwe kwa jirani kabla ya Isha, kisingoje kuchacha.

3. Mwenye umeme na uwezo aangalie jiko la presha la umeme. Sufuria ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Sehemu kubwa ya umeme wetu siku hizi inatoka kwenye maji ya Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere.

4. Tarawehe ya karibu tuiendee kwa miguu. Ya mbali, watu wa mtaa mmoja wapande gari moja.

*Kisha fidia:*

1. Fidia ya funga inamwendea maskini. Basi na hii tuanzie kwake. Pesa uliyookoa kwenye mkaa, changa na wenzako mumnunulie jirani jiko banifu au mumjazie mtungi. Moshi unapungua kifuani mwake na mti unabaki msituni.

2. Masika ikifika, panda mwembe au mwarobaini, na uumwagilie kiangazi kizima. Katika hadithi ya Anas, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Muislamu akipanda mti, atakachokula humo ndege, mtu au mnyama ni sadaka kwake. Mche ukiachwa ukakauka, hakuna atakayekula.

*Kazi ya leo:* kabla ya futari, hesabu walaji, kisha punguza chungu kimoja. Thamani yake iweke pembeni kwa ajili ya jiko la jirani.

Ewe Mola wetu, tukubalie funga zetu, utuepushe na israfu, uwarehemu waliochukuliwa na maji, na utujaalie tuwaachie watoto wetu ardhi yenye kivuli. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.