Kabla ya Kutia Sahihi: Mzazi na Daktari Mpasuaji

Mtoto akigunduliwa kuwa na saratani, mzazi husikia neno hilo moja tu. Huitikia "sawa, daktari" mara kumi, kisha akifika nyumbani Kibokoni na bibi akauliza, "Watampasua wapi, na kwa nini?", hana jibu.

Sheria ya Afya ya 2017 imeliona hilo. Inamtaka mhudumu wa afya amweleze mzazi hali ya mtoto, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo kuuliza si utovu wa adabu.

Swali la kwanza liwe: kwa nini upasuaji, na kwa nini sasa? Uvimbe wa figo uitwao Wilms mara nyingi hupunguzwa kwa dawa wiki kadhaa kabla ya kisu, na mzazi asiyeelezwa hudhani mwanawe amesahauliwa wadini. Uvimbe wa taya uitwao Burkitt hutibiwa hasa kwa dawa. Aliyeueleza mwaka 1958, Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa mpasuaji mwenyewe.

Saratani ya jicho, ambayo huanza kwa weupe ndani ya mboni, ndiyo ngumu zaidi. Daktari akisema jicho litolewe, wazazi wengine humbeba mtoto wakaenda zao. Inaeleweka, lakini saratani hiyo hupita kwenye mshipa wa jicho hadi ubongoni. Badala ya kuondoka, mzazi aulize: tukingoja, itakuwaje? Kuna njia ya kuliokoa jicho? La pili limepimwa? Ndugu zake nao wapimwe? Jicho la bandia litawekwa lini?

Maswali yaandikwe mapema, na mtu mzima wa pili aende kusikiliza. Ikiwa baba yuko kazini Ghuba na uamuzi hautapita bila yeye, daktari aombwe azungumze naye kwa simu. Kisha mzazi arudie kwa maneno yake alivyoelewa. Daktari atasahihisha palipopotoka.

Mpasuaji naye anahitaji kuambiwa ukweli. Mtoto amenyweshwa dawa za miti shamba? Zitajwe bila haya, kwani baadhi huzidisha kutoka damu. Na kombe lisinywewe asubuhi ya upasuaji, hata funda moja, ila daktari aruhusu: kilicho tumboni chaweza kuingia mapafuni mtoto akiwa kwenye nusukaputi.

Gharama zinazolipwa na SHA, na zisizolipwa, ziulizwe kabla ya siku ya kulazwa. Kinyama kilichotolewa huenda maabara na majibu huchukua siku kadhaa. Mzazi asitoke hospitalini bila kujua ni daktari yupi atakayemweleza majibu hayo, na siku gani.