Faili Lifungwe Kabla ya Kupelekwa Mtandaoni

Wakazi wengi wa Migori na Homa Bay hupiga picha kitambulisho, hatimiliki ya shamba na vyeti vya shule, kisha huziweka Google Drive. Ni busara, kwani karatasi huliwa na mchwa, na simu iliyozama ziwani Mbita au Sori huenda na picha zake. Lakini hifadhi hiyo ni salama kadiri tu barua pepe inayoifungua ilivyo salama.

Tapeli hupiga simu akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu, akaomba namba ya kitambulisho na kuitumia kubadilisha laini. Kisha huiambia barua pepe kwamba amesahau nenosiri, na msimbo hutumwa kwa laini ambayo sasa anayo yeye. Google husimba faili zote, ila ufunguo wanao wao; anayeingia kwenye akaunti hufunguliwa kila kitu.

Ndiyo maana inafaa mwenye faili alisimbe mwenyewe kwanza, yaani ageuze yaliyomo yasisomeke bila nenosiri lake. Programu ya 7-Zip hailipiwi na hutumia usimbaji wa AES-256. Kwenye kompyuta, mkazi hubofya faili kwa kitufe cha kulia, huchagua 7-Zip, hutengeneza faili jipya la aina ya 7z na kuandika nenosiri. Asisahau kuweka alama ya kuficha majina, kwa sababu jina kama "hatimiliki ya Rongo" tayari limesema mengi. Wenye simu ya Android wanaweza kutumia ZArchiver. Kazi hii haifai kufanyiwa saiba, ambako nakala hubaki kwenye kompyuta ya watu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautambua usimbaji kama kinga. Shirika ambalo taarifa zake zimevuja na kuhatarisha wenyewe humjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, lakini huenda lisilazimike kuwajulisha wenye taarifa ikiwa zilikuwa zimesimbwa.

Nenosiri la 7-Zip likipotea, hakuna ofisi ya kulirudisha. Liandikwe kwenye karatasi, likae kwa ndugu anayeaminika.

Nakala za zamani zilizo wazi nazo zifutwe, zikiwemo zile ambazo simu huzipakia yenyewe kwenye Google Photos. Pipa la taka nalo limwagwe, maana Drive huweka kilichofutwa humo siku 30.